Sauti ya Mwingine, Uso Wake: Kamera katika "La Noire de..."

Aghalabu wanafunzi wetu wakipewa filamu waihakiki, huandika juu ya maneno ya wahusika tu, kana kwamba wamesoma tamthilia. "La Noire de..." (1966) ya Ousmane Sembène wa Senegal haisomeki hivyo. Diouana, kijakazi aliyetolewa Dakar akapelekwa Antibes, Ufaransa, hasemi sana na waajiri wake. Mawazo yake twayasikia kwa Kifaransa fasaha, na sauti yenyewe si ya mwigizaji Mbissine Thérèse Diop bali ya Toto Bissainthe wa Haiti. Wapo wanaoiita kasoro. Sisi twaona kwamba ndiyo inayotulazimisha kutazama, maana kilicho chake Diouana ni uso na mwili, navyo viko mikononi mwa kamera.

Dakar twamwona nje, barabarani, amezungukwa na nafasi. Antibes picha humbana kati ya jiko, bafu na kuta nyeupe. Kinyago alichowazawadia waajiri kinaning'inia peke yake ukutani. Hakuna anayetueleza maana yake, wala hatuhitaji kuelezwa.

Mwishoni, Diouana akiwa ameshakufa, bwana anakirudisha kinyago Dakar. Mtoto anakivaa na kumfuata. Bwana anaharakisha, anageuka nyuma, anaharakisha tena. Akishaondoka, mtoto anakishusha kinyago, na uso wake unatukabili. Hakuna mazungumzo hata kidogo. Lile swali letu la mtihani, "nani alimwambia nani?", hapo halina pa kushika.