Mraba Usio na Alama

Sheria nyingi huandikwa kwa ajili ya mawakili na mahakimu, nasi wasomaji wa kawaida hatuna haja ya kuzifungua. Lakini ziko chache zinazohusu namna watu wanavyoijua nchi yao, na hizo zastahili kuhakikiwa kama tuhakikivyo kitabu: zimesema nini, zimesemaje, na zimenyamaza wapi. Mojawapo ni Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2007 lijulikanalo kwa jina la INSPIRE, lililozitaka nchi wanachama zipeane data za kijiografia zilizokuwa mikononi mwa ofisi za serikali. Nimelisoma pamoja na kanuni zake nikiwa na swali moja: je, linamsaidia mtu kujua ni mnyama gani au mmea gani anaishi mahali fulani? Jibu langu ni kwamba linasaidia sana pale penye alama kwenye ramani, na linaweza kupotosha pale pasipo na alama.

Tuanze na sifa, maana zipo. Mto Danube hupita katika nchi kumi, na fisi maji anayeogelea humo hana habari na mipaka. Mtaalamu aliyetaka kumfuata mnyama huyo kutoka nchi moja hadi nyingine alikuta kila ofisi ina faili lake, kipimo chake cha ramani na majina yake. Agizo la 2007 lilizipanga data hizo katika mada 34, na tatu kati yake zahusu viumbe moja kwa moja: kanda za kibiojiografia, makazi asilia, na mtawanyiko wa spishi. Kanuni za kina za mada hizo tatu zilitolewa mwaka 2013. Kila mkusanyiko wa data ulitakiwa uambatane na maelezo yake: umetoka wapi, ni wa wakati gani, na nani anausimamia.

Jambo lililonipendeza kuliko yote ni namna kanuni hizo zinavyoyashughulikia majina. Nchi fulani yaweza kuwa na jina lake la kale la aina ya malisho au ardhi oevu, wakati orodha ya Ulaya ina jina jingine. Kanuni hazikuiamuru nchi hiyo ilitupe jina lake. Zimetaka jina la orodha ya pamoja litajwe, kisha zikaruhusu jina la mahali likae kando yake, na uhusiano wa majina hayo mawili uelezwe: kwamba yanalingana, au moja limo ndani ya jingine, au moja linalijumuisha jingine, au yanapishana kwa sehemu, au hayakutani kabisa. Aliyewahi kufanya kazi ya kutafsiri ataiona busara iliyomo humo. Ni mara ngapi tumeona kamusi ikiweka neno mbele ya neno kana kwamba yana uzito mmoja, kumbe moja limebeba nusu tu ya mwenzake! Vivyo hivyo kwa hesabu za wanyama: kanuni zimeweka nafasi ya kusema kama idadi ilihesabiwa, ilikadiriwa, au ilipatikana kwa kukokotoa. Huo ni uungwana wa kitaalamu.

Sasa nije kwenye kasoro. Ibara ya 4 ya Agizo inasema wazi kwamba halidai data mpya zikusanywe. Kwa jicho la mweka hazina, hilo ni jambo la maana, kwani hakuna serikali ingekubali gharama isiyo na kikomo. Lakini matokeo yake yafaa kuangaliwa kwa makini. Kilichokuwemo kabatini kimepewa njia ya kusafiri. Kile ambacho hakijawahi kutafutwa kimebaki vilevile. Ramani ya zamani iliyochorwa kwa mkono ilijionyesha yenyewe kwamba haijakamilika. Ramani iliyosawazishwa, yenye rangi moja kutoka Ureno hadi Finland, humpa mtazamaji imani kwamba kila pembe imekaguliwa.

Chukua ramani za mtawanyiko wa spishi zilizotumika katika taarifa zinazotolewa kila baada ya miaka sita chini ya Agizo la Makazi Asilia la mwaka 1992. Nchi imegawanywa katika miraba ya kilomita 10 kwa 10, yaani kilomita za mraba 100 kila mmoja. Mraba wenye alama unasema: spishi hii imo. Mraba usio na alama unasema nini? Waweza kusema mambo matatu. La kwanza, watu walikwenda, wakatafuta, wasione kitu. La pili, hakuna aliyekwenda. La tatu, spishi imo, lakini mwenye data ameificha kwa makusudi.

Hilo la tatu si la kulaumiwa. Ibara ya 13 ya Agizo imeruhusu data zizuiwe kwa ajili ya kulinda mazingira yenyewe, na mfano ulioutaja ni mahali zilipo spishi adimu. Nchini Uingereza iko okidi iitwayo Cypripedium calceolus, ambayo wachumaji wa maua waliiandama hata ikabaki, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mmea mmoja tu wa porini ujulikanao, huko Yorkshire. Mahali ulipokuwa palifanywa siri, na ulilindwa. Asingekuwa mwenye akili timamu ambaye angeuweka mmea huo hadharani kwa jina la uwazi. Siri ni halali. Tatizo ni kwamba siri, uvivu na ukweli vimevaa nguo moja.

La kustaajabisha ni kwamba waandishi wa maelekezo ya kitaalamu ya INSPIRE walikuwa na maneno ya kutenganisha mambo hayo. Kipengele cha rekodi kikikosa jibu, maelekezo yametoa sababu za kuandika: haijulikani, haikujazwa, imezuiliwa. Maneno matatu mazuri, lakini makazi yake ni ndani ya rekodi. Mraba usio na rekodi hata moja hauna mahali pa kuyabeba, nao ndio ulio na haja nayo zaidi.

Msomaji aweza kuniambia kwamba hayo ni mambo ya wachora ramani. Nami nitamjibu kwa kesi mbili. Mwaka 1998 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba Uholanzi ilikuwa imetenga maeneo machache mno ya hifadhi ya ndege. Kipimo kilichotumika kilikuwa orodha ya maeneo muhimu kwa ndege iliyotolewa mwaka 1989 na wapenzi na wataalamu wa ndege. Orodha hiyo haikuwa sheria, lakini Uholanzi haikuleta ushahidi wowote wa kisayansi wa kuipinga, na nchi ikashindwa. Basi aliyeandika kwamba ndege yupo aliweza kuishinda serikali. Kesi ya pili ni ya mwaka 2004, juu ya uvunaji wa kombe kwa mashine katika Bahari ya Wadden, Uholanzi vilevile. Mahakama ilisema kibali kitolewe pale tu ambapo hakuna shaka ya kisayansi yenye msingi kwamba eneo lililohifadhiwa halitadhurika. Kwa maneno mengine, kutojua si ruhusa.

Lakini kanuni hiyo kali ilihusu maeneo yaliyokwisha kutengwa. Nje ya hapo, barabara ikipimwa au mitambo ya upepo ikitafutiwa kilima, mpangaji hufungua kwanza ramani iliyopo. Popo ambao hakuna aliyewahi kuwasikiliza usiku hawana mtetezi katika hatua hiyo. Mahakama ilifundisha kwamba ukimya uogopwe. Ramani yaufanya ukimya uonekane kama ruhusa.

Je, kasoro hii ina dawa? Inayo, na mfano mmoja uko karibu nasi. Mwaka huohuo wa 2007, Afrika Kusini ilianza atlasi yake ya pili ya ndege, na utaratibu wake ukatumiwa Kenya kuanzia mwaka 2013 katika mradi wa Kenya Bird Map. Nchi imegawanywa katika vipande vya dakika 5 kwa 5 za latitudo na longitudo, yaani kama kilomita 9 kila upande. Mtazamaji hatoi taarifa ya ndege mmoja wa ajabu aliyemwona, akanyamaza juu ya wengine. Hukaa katika kipande chake kwa saa mbili au zaidi, akaandika kila spishi aliyoitambua, pamoja na kunguru na shomoro. Orodha zote huhesabiwa, na ramani huonyesha kila kipande kimeletewa orodha ngapi. Kipande kilicholetewa orodha 40 bila korongo mweupe kinasema jambo zito. Kisicho na orodha kinasema hakuna aliyefika, na mtu akipenda aweza kwenda kesho.

Wala si haki kudhani kwamba Wazungu hawalijui jambo hili. Atlasi ya pili ya ndege wanaozaliana Ulaya, iliyotolewa mwaka 2020, ilitumia pia hesabu zilizofanywa kwa muda maalumu. Watembeaji wa porini wanajua tofauti ya kutafuta na kutotafuta, na wengi wao ni watu wa kujitolea ambao daftari zao zimeandika saa, mvua na njia waliyopita. Usione vyaelea, vimeundwa. Pale data inaposafiri kutoka kwenye daftari hadi kwenye mfumo wa serikali, na mraba ukabaki na alama ya kuwapo peke yake, kinachomwagika njiani ni kazi ya watu hao.

Hukumu yangu basi ni hii. Agizo la 2007 na kanuni zake vimefanya kazi njema ya kuyapatanisha majina na vipimo, na nchi yoyote itakayotaka kuunganisha ramani zake na za majirani ina mengi ya kujifunza humo. Ila isiige bila kuongeza jambo moja: kila mraba ulio mtupu ueleze kama ulitafutwa, haukutafutwa, au umefungwa. Gharama yake ni neno moja kwa kila mraba, na mpangaji wa barabara atakayelikuta neno hilo atajua kama aendelee kuchora, au kwanza atume watu wakaangalie.