Taya la Galula lilivyosomwa bila kuvunjwa

Wafugaji wa sungura wa Kibera na Kawangware, Nairobi, wanajua kwamba sungura akikosa nyasi za kutafuna, meno hurefuka mpaka ashindwe kula. Meno yake, ya mbele na magego, hayaachi kukua. Tabia hiyohiyo ilionekana kwenye taya dogo la kushoto la mamalia lililopatikana mwaka 2002 katika Bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, ndani ya miamba ya enzi za dinosaria inayoitwa Galula.

Watafiti David Krause, Patrick O'Connor na wenzao walilieleza mwaka 2003 bila kulipa jina. Mamalia wa kale hutambuliwa hasa kwa umbo la magego, na haya hayakuwa na alama za kutosha za kulinganisha. Kukipasua kielelezo pekee kungekuwa uharibifu.

Ndipo mashine ya CT ikatumika, ile yenye uwezo wa kuona vitu vidogo zaidi kuliko ile ya hospitalini. Eksirei hupigwa kutoka kila upande, kisha kompyuta huunganisha picha kuwa vipande vyembamba vinavyotazamwa kimoja kimoja. Kitu chenye msongamano mkubwa zaidi hung'aa zaidi, na katika jino kinachong'aa kuliko vyote ni enameli, ganda la nje la jino. Hapa ganda hilo halikuonekana. Ama halikuwapo, ama lilikuwa jembamba mno. Mizizi nayo haikuchongoka wala kuziba: ilikuwa wazi chini, dalili ya jino linaloendelea kukua.

Mwaka 2019 mnyama huyo alipewa jina Galulatherium jenkinsi, kwa kumuenzi Farish Jenkins wa Harvard. Waliompa jina walimweka, kwa tahadhari, kwenye kundi la Gondwanatheria, ambalo pia limepatikana Argentina, Madagaska na India. Tahadhari hiyo naiunga mkono kabisa. Meno yanayokua daima yamejitokeza katika koo nyingi zisizohusiana, sungura akiwemo, kwa hiyo peke yake hayathibitishi undugu. Picha zimeeleza vizuri jinsi meno yalivyokua. Ukoo wa mnyama unahitaji mifupa zaidi.

Mifupa hiyo haitatoka Nairobi, ambako mawe ya kujengea ni ya volkano na ni machanga mno. Kijana wa Kenya anayetaka kuitafuta aanze na jiolojia, kisha aelekee Turkana, kwenye miamba ya enzi za dinosaria, au avuke mpaka hadi Rukwa.