Masafa na Masimulizi: Mwandishi wa Riwaya kama Mkimbiaji

Wahakiki wetu wamezoea kumlinganisha mwandishi na mfinyanzi au mfumaji. Katika makala haya tunadai kuwa mwandishi wa riwaya ana jamaa wa karibu zaidi, naye ni mkimbiaji wa masafa marefu. Hatusemi hivyo kwa sababu wote wawili hushindana. Wanachoshiriki ni kazi ya kugawa nguvu katika masafa asiyoyaona mtazamaji.

Mfano uko papa hapa Gusii. Mwaka 1954, katika uwanja wa White City, London, Nyantika Maiyoro alichomoka tangu mwanzo wa mbio za maili tatu akawaacha wenzake mbali. Walimfikia, naye akamaliza wa tatu. Tunazo riwaya za namna hiyo, ambazo sura yake ya kwanza hula pumzi yote ya kitabu.

Naftali Temu, Mgusii mwenzake, alishika mwendo mwingine. Mwaka 1968, Mexico City, alikaa kundini katika mita 10,000, akamwacha Mamo Wolde wa Ethiopia atangulie katika mzunguko wa mwisho, kisha akampita karibu na utepe. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Muda wake ulikuwa dakika 29 na sekunde 27.4, ilhali rekodi ya dunia ya Ron Clarke ilikuwa 27:39.4. Asomaye saa peke yake atasema Temu alijikokota. Lakini mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na Clarke mwenyewe alimaliza wa sita akaanguka kwa kukosa hewa.

Kosa hilo la kusoma saa bila kutazama mwinuko ndilo walilolifanya baadhi ya wasomaji wa Kezilahabi. Kuanzia Rosa Mistika (1971) hadi Gamba la Nyoka (1979) alitoa riwaya nne, mojawapo ikiitwa, kwa bahati njema ya hoja yetu, Dunia Uwanja wa Fujo. Kisha riwaya zikanyamaza hadi Nagona (1990). Aliyeipima Nagona kwa kasi ya Rosa Mistika aliiona nyembamba, isiyosonga. Hakuzingatia kwamba katikati ya kimya hicho, mwaka 1985, mwandishi alikamilisha tasnifu ya uzamivu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Yalikuwa mazoezi ya mbio nyingine, katika hewa nyepesi zaidi.

Ulinganisho huu una mpaka. Utepe wa mkimbiaji haumpendelei mtu. Mwandishi wa Kenya humalizia mbele ya jopo linaloteua vitabu vya shule. Ndiyo maana miswada mingi siku hizi hukimbia kwa mwendo wa mtihani: maudhui yanatangazwa mapema, na wahusika wanahutubu. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora iliteuliwa na bado ni riwaya yenye pumzi, lakini waigaji wake walichukua uteuzi wakaiacha pumzi.

Sokoni Daraja Mbili nilimkuta mchuuzi aliyetandaza vitabu vilivyokwisha tumika. Kidagaa alikuwa nazo nakala tatu, zote zimepigiwa mistari penye maswali ya mtihani. Nagona hakuwahi kuisikia.