Neno Lile, Imani Nyingine: Uhakiki wa Istilahi za Imani ya Wamormoni katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kitabu cha Mormoni kilichapishwa kwa mara ya kwanza Palmyra, New York, mwaka 1830. Mwaka huohuo Joseph Smith aliunda kanisa ambalo leo linaitwa kwa Kiswahili Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Tafsiri ya Kiswahili ya kitabu hicho ilitoka mwaka 2000. Katika miaka 170 iliyopita kati ya matukio hayo, istilahi za Kiingereza za imani hii zilikwisha kukomaa. Kiswahili nacho kilikwisha kujijengea msamiati wa dini kutokana na Uislamu, Ukatoliki na Uprotestanti. Kwa hiyo, istilahi nyingi za matini lengwa zilipokewa zikiwa tayari na wenyewe.

Makala haya yanahakiki baadhi ya istilahi hizo. Hoja yake kuu ni kwamba neno geni humtahadharisha msomaji, ilhali neno analolifahamu humpitisha bila kusita. Katika tafsiri ya imani, upotofu mkubwa zaidi hutokana na neno la aina ya pili.

2.0 Maneno ya zamani, mafundisho mapya

Mfano wa kwanza ni Uungu. Wakristo wengi wa Afrika Mashariki hufundishwa Utatu, yaani Mungu mmoja katika nafsi tatu. Wamormoni hufundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizo mbalimbali kabisa, zenye umoja wa nia na kazi. Tena Baba na Mwana wana miili ya nyama na mifupa. Istilahi iliyoteuliwa kwa fundisho hilo ni Uungu. Kimofolojia, kiambishi u- katika nomino hii hujenga dhana dhahania: Uungu ni hali ya kuwa Mungu, kama utu ulivyo hali ya kuwa mtu. Msomaji anayekutana na neno hili hupata sifa, wala hapati nafsi tatu zinazoshirikiana. Fundisho linalowatenganisha Wamormoni na makanisa mengine linapita mbele yake bila kuonekana.

Mfano wa pili ni Watakatifu. Kwa Mkatoliki, mtakatifu ni marehemu aliyetangazwa na Kanisa. Kwa Mmormoni, ni muumini yeyote, kama neno hilo linavyotumika katika nyaraka za Paulo. Mwaka 2018 Rais wa kanisa hilo, Russell M. Nelson, alihimiza jina kamili la kanisa litumike badala ya lakabu ya Mormoni, na hivyo uzito wa neno hili katika utambulisho wa waumini umeongezeka.

Mfano wa tatu, ukuhani, ndio mzito zaidi. Katika Biblia ya Kiswahili, kuhani ni mzawa wa Haruni anayehudumu hekaluni. Kwa Wamormoni, ukuhani ni mamlaka ya kutenda kwa jina la Mungu, nao hutolewa kwa wanaume waumini kwa jumla, kuanzia umri wa takribani miaka 12. Ukuhani wa Haruni hutangulia, na ule wa Melkizedeki hufuata. Askofu wa mahali hana mshahara. Huwa na kazi yake nyingine. Lakini neno hili lina historia ambayo Kiswahili hakiibebi. Ingawa Waafrika wachache, akiwamo Elijah Abel, walitawazwa siku za Joseph Smith, tangu 1852 Brigham Young alitangaza hadharani kwamba wanaume wenye asili ya Afrika nyeusi hawangepewa ukuhani. Katazo hilo, ambalo pia liliwazuia wanaume na wanawake weusi kushiriki ibada kuu za hekaluni, liliondolewa Juni 1978. Msomaji wa Kiswahili hulikuta neno ukuhani likiwa safi, kana kwamba mlango wake ulikuwa wazi kwake siku zote. Mtafsiri hana lawama hapa, kwa kuwa neno moja haliwezi kusimulia historia. Hata hivyo, mfafanuzi na mwalimu hawana udhuru huo.

3.0 Kigingi na kata

Waumini wa eneo moja huunda kata, na kata kadhaa huunda kigingi. Kigingi ni taswira ya hema la Isaya 54, linalopanuliwa kwa kurefusha kamba na kukaza vigingi. Tafsiri ni sahihi na yenye asili ya Kibiblia. Tatizo ni kwamba katika magazeti ya leo, kigingi ni kikwazo: timu hukabiliwa na kigingi, mswada huwekewa kigingi. Kata nayo hubadilika mpakani. Mtanzania hufikiria diwani, ilhali Mkenya hufikiria chifu. Hata hivyo, maneno haya mawili hayana madhara makubwa. Ugeni wa matumizi yake humfanya msomaji aulize, na akiuliza hujibiwa.

4.0 Ibada za hekaluni

Endaumenti ni ibada ambamo muumini hupewa mafundisho na kufanya maagano hekaluni. Utohozi huu unaweza kulaumiwa, kwa sababu Luka 24:49 katika Kiswahili ilikwisha kutumia kitenzi kuvikwa kwa uwezo utokao juu, na dhana ya Kiingereza inahusiana na aya hiyo. Lakini utohozi una utetezi wake. Kiswahili kilipokea hija kutoka Kiarabu na sakramenti kutoka Kilatini bila kupoteza kitu. Endaumenti haimdanganyi mtu. Humwambia wazi kwamba kuna jambo asilolijua.

Ubatizo kwa ajili ya wafu, unaorejelea 1 Wakorintho 15:29, una utata mwingine. Muumini aliye hai hubatizwa mahali pa marehemu, naye marehemu hubaki huru kuukubali au kuukataa ubatizo huo. Kwa ajili ya huonyesha manufaa. Kwa niaba ya huonyesha uwakilishi. Fundisho linahitaji maana zote mbili. Katika jamii zinazowaenzi wahenga kwa matambiko, tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kama marehemu anahudumiwa au anaombwa.

5.0 Chai na kahawa

Neno la Hekima, ufunuo wa mwaka 1833, hukataza pombe, tumbaku na vinywaji vya moto. Kirai hiki cha mwisho hufasiriwa kuwa chai na kahawa. Kwa Kiswahili sanifu, uji pia ni kinywaji cha moto, nao haukatazwi. Kahawa iliyopoa imekatazwa. Zaidi ya hayo, kunywa chai ni kula kifungua kinywa, na kumkaribisha mgeni chai ni adabu. Hapa tafsiri sisisi haitoshi bila maelezo.

6.0 Hitimisho

Hekalu la Kinshasa liliwekwa wakfu mwaka 2019, na la Nairobi mwaka 2025. Kwa hiyo istilahi hizi zimetoka vitabuni. Ndizo zinazotumiwa na watu wanaofunga maagano ya maisha yao yote, na hata ya baada ya kifo. Agano hudai ridhaa, na ridhaa hudai ufahamu. Makala haya yanapendekeza kwamba istilahi zinazofahamika, hasa Uungu na ukuhani, zipewe fasili ndani ya matini zenyewe kabla ya zile ngeni. Pendekezo hili linazihusu dini zote zinazohubiri kwa Kiswahili: anayeazima neno la jirani hana budi kueleza analitumia kwa kazi gani.