Rangi Iliyokoza

Rangi nyeupe humsitiri fundi. Plasta ikiwa na bonde, au skimu ikiwa imepishana kidogo, mwanga hutapakaa ukutani na kasoro hazionekani. Buluu nzito, kijani cha msituni na rangi ya mkaa hazina sitara hiyo. Ukuta mweupe hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoupiga. Wa rangi ya mkaa hurudisha chini ya asilimia 10. Penye giza hilo, kila kamng'ao kanakogusa ukingo wa tuta dogo huonekana tangu mlangoni.

Ndiyo maana namheshimu sana fundi anayeiweza kazi hii. Sehemu kubwa ya kazi yake huisha kabla kopo halijafunguliwa. Anapiga skimu, anaiacha ikauke kweli, anapiga msasa, kisha anaegemeza taa ukutani ili mwanga ukimbie sambamba na ukuta. Mikwaruzo yote hujitokeza. Anaizungushia penseli mmoja mmoja, anaiziba, anarudi na msasa laini. Halafu anafuta vumbi, kwa sababu chembe iliyonaswa kwenye rangi ya giza inabaki hapo kama kipele.

Praima yake ni ya kijivu. Rangi nyingi zilizokoza huwa na kiasi kidogo sana cha ile chenga nyeupe inayozipa rangi nyingine uwezo wa kufunika, hivyo juu ya praima nyeupe utapiga mkono wa tatu, hata wa nne, na weupe bado unachungulia. Makopo yote huyamimina kwenye ndoo moja na kuyakoroga, kwani kopo na kopo huweza kupishana kidogo, na ukuta mweusi utayasema.

Kinachonivutia zaidi ni mafundi wawili kwenye ukuta mmoja. Wa kwanza anachora ukingo wa dari kwa brashi, mstari umenyooka bila selotepu. Wa pili anamfuata nyuma na rola kabla mstari haujakauka. Kwa joto la Dar es Salaam feni huzimwa, la sivyo rangi hukauka katikati ya kazi na kuacha mshono. Hawasimami katikati ya ukuta. Wakianza pembe hii, wanamalizia pembe ile. Na hata kesho yake huwezi kupachika kiraka. Utarudia ukuta mzima.

Jasho lote hili ni la nini? Mwaka 1876 na 1877 mchoraji James McNeill Whistler alipaka buluu ya kijani iliyokoza kwenye chumba cha kulia cha Frederick Leyland, London, palipowekwa vyombo vyake vya kauri vya China, akachora tausi wa dhahabu juu yake. Chumba hicho leo kiko Washington, ndani ya Freer Gallery. Dhahabu ileile juu ya ukuta mweupe ingepauka; pale inawaka. Sebuleni kwa mtu wa kawaida ni vivyo hivyo: shaba ya sinia, mbao ya mninga, uso wa mgeni chini ya taa, vyote hupata nafasi yake kwa sababu ukuta umerudi nyuma.

Fundi akikuletea makadirio yenye siku nyingi za msasa kuliko za rangi, mpe kazi.