Nyuma ya Dirisha la Karo

Makadirio ya bajeti ya serikali yanapofikishwa Bungeni mwishoni mwa Aprili, watu wengi hutafuta jumla. Mkuu wa fedha wa chuo cha umma huanza kwingine. Hufungua ukurasa wenye chuo chake, halafu jicho lake huteremka hadi safu ya mapato ya ndani: fedha ambazo Bunge linaidhinisha chuo kizitumie, lakini ambazo Hazina haitazituma kamwe, kwa kuwa ni karo ambayo chuo chenyewe kinatarajiwa kukusanya. Asiyeijua safu hiyo atasoma jumla na kudhani chuo kimeneemeka. Anayeijua huitoa kwanza. Kinachobaki ni kidogo, na hicho kidogo ndicho anachoanza kukipangia mwaka.

Kwa miaka nimekuwa nikiwatazama watu wa kazi hii huku kwetu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia Embu mjini hadi Nchiru upande wa Tigania. Hakuna anayewataja tunapowasifu mafundi. Tunamsifu mwashi aliyejenga maktaba kwa mawe yaliyochongwa, tunamsifu mwalimu wa uchomeleaji ambaye wanafunzi wake hupata kazi kabla ya kuhitimu. Ila mwashi na mwalimu walilipwa kwa sababu kuna mtu aliyekaa na rundo la sheria, akazisoma hadi mwisho, akajua ni ipi italeta pesa, ipi itaichelewesha na ipi itaidai.

Vyuo vyenyewe vimezaliwa na karatasi. Chuo Kikuu cha Embu kiko katika uwanja wa iliyokuwa taasisi ya kuwafunza maafisa wa kilimo. Mwaka 2011, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali likaigeuza kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na Oktoba 2016 hati ya rais ikakifanya kijitegemee. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoko Nchiru, kilitokana na chuo cha harambee, kikawa chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta mwaka 2008, kikapata hati yake 2013. Chuo cha kiufundi cha Meru mjini kilipandishwa hadhi kuwa chuo anuwai cha kitaifa mwaka 2016. Wapita njia waliona vibao vipya langoni. Ndani ya ofisi ya fedha kulikuwa na msukosuko wa aina nyingine: sheria mpya ya kufuata, baraza jipya la kuidhinisha bajeti, viwango vipya vya mishahara, na mstari mpya wa kuutetea kwenye vitabu vya Hazina.

Katiba ya 2010 iliongeza mpaka mwingine. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa vyuo vikuu na taasisi za elimu ya juu, kisha linazipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, vile tunavyoviita leo vituo vya mafunzo ya ufundi. Kwa hiyo kijana anayejifunza kuchomelea katika chuo cha kiufundi cha Nkabune au cha Rwika na mwenzake anayejifunza kazi hiyohiyo katika kituo cha kijijini hawalishwi kutoka chungu kimoja. Pesa za wa kwanza hupitia wizara. Za wa pili hungoja Bunge la Kitaifa na Seneti zikubaliane kugawa mapato, kisha zingoje bunge la kaunti lipitishe bajeti yake, na hata baada ya hapo hazitoki bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Mwaka 2020 maseneta walivutana juu ya fomula ya kugawa fedha hadi Septemba 17, wakati mwaka wa fedha ulikuwa umeanza Julai 1. Meneja wa kituo cha kijijini, ambaye mara nyingi ni mwalimu aliyeongezewa mzigo, alitakiwa kununua vifaa vya mafunzo kwa pesa ambazo Nairobi ilikuwa bado inazigombania.

Hapa ndipo ustadi wenyewe unapoanza kuonekana, na ningependa kukaa hapa kidogo. Sheria ya bajeti hutoa tarakimu. Tarakimu si pesa. Kati ya hizo mbili kuna njia ndefu, na fundi wa fedha anaijua kila kona yake. Anajua kwamba Bunge likikawia kupitisha sheria ya matumizi, Ibara ya 222 inaliruhusu Bunge la Kitaifa kuidhinisha serikali ianze kutumia hadi nusu ya makadirio, basi anapanga robo ya kwanza kwa hesabu hiyo. Anajua kwamba Ibara ya 223 inaruhusu bajeti ya nyongeza, na kwamba neno nyongeza lisimdanganye mtu, maana bajeti hiyo inaweza pia kupunguza. Juni 2024 somo hilo lilitolewa hadharani. Baada ya maandamano ya vijana rais aliurudisha Mswada wa Fedha, kisha akatia saini sheria ya matumizi huku akiiagiza Hazina iandae bajeti ya nyongeza ya kukata shilingi bilioni 346. Sheria iliyokuwa imetoka tu kusainiwa ilianza mwaka ikiwa tayari na kisu juu yake. Mkuu wa fedha aliyekuwa ameahidi mambo kwa kutegemea tarakimu za Juni alijikuta pabaya. Aliyeiva kazini alikuwa bado hajatia saini mkataba wowote wa ujenzi.

Mkuu wa fedha wa aina hiyo ni kama mzee anayegawa maji ya mfereji kule Mitunguu: haangalii ukubwa wa mto, anaangalia maji yaliyofika kwenye mlango wa shamba, na saa ngapi yamefika.

Upande wa vyuo vikuu, sheria na sera zimegeuzwa mara nyingi hadi leja yenyewe imekuwa kitabu cha historia. Kwa zaidi ya miaka 20 mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, kiasi ambacho kilibaki palepale huku bei ya kila kitu ikipanda. Halafu ukaja mfumo wa kukadiria gharama ya kila kozi, ambapo serikali ilisema italipa asilimia 80. Ahadi ilikuwa nzuri, ila wanafunzi waliongezeka na fedha hazikuongezeka kwa mwendo huo, na kufikia 2022 mchango halisi ulikuwa umeshuka hadi karibu nusu. Mei 2023 ukatangazwa mfumo wa sasa: mwanafunzi anapimwa uwezo wa familia yake, anawekwa kwenye kundi, kisha gharama inagawanywa kati ya ufadhili, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na mzazi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo kwa muda.

Tazama sasa kinachotakiwa kwenye meza moja. Kuna vijana waliojiunga kabla ya mabadiliko hayo, wa mfumo wa zamani, na kuna waliojiunga baadaye, wa mfumo mpya. Wa pili hao wamegawanyika tena kwa makundi, na baadhi wamekata rufaa wakitaka wahamishwe kundi. Kozi ni ileile, mhadhiri ni yuleyule, ankara hazifanani. Kila badiliko la mahakamani linamaanisha kujiuliza upya nani anadaiwa nini na nani. Sijaona kazi ya mikono inayodai usahihi mkubwa zaidi, na sijui ni wangapi kati yetu tungeweza kuifanya kwa mwezi mmoja bila kutukana.

Vyuo vya kiufundi vilikuwa na hesabu nyepesi kidogo. Kuanzia 2018 karo ilipangwa kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, 30,000 zikitoka serikalini na 26,420 zikipatikana kwa mkopo wa HELB. Kwa mara ya kwanza mtoto wa kibarua angeweza kuingia chuo cha kiufundi bila ng'ombe kuuzwa. Lakini wepesi huo ulikuwa wa karatasi. Shilingi 30,000 zilikuja kwa mafungu, na zilipokuja haikuwa lazima zitoshe idadi ya wanafunzi waliokuwapo darasani siku hiyo. Sheria ya 2013 ya elimu ya kiufundi iliweka bodi ya ufadhili na mamlaka ya kusimamia ubora. Ubora ulidaiwa kwa wakati. Pesa zilikuja kwa mwendo wake.

Kisha kuna dirisha lenyewe, ambako sera hukutana na mama aliyeshika mkoba. Ustadi wa karani wa karo Mbeere haufanani na wa mwenzake wa Imenti, kwa sababu mashamba hayafanani. Penye chai, anajua bonasi hutoka karibu Oktoba, basi haitumi barua kali Septemba. Kwa watoto wa Igembe anajua miraa huingiza pesa kila wiki soko likiwa wazi, na anakumbuka hali ilivyokuwa Somalia ilipolifunga lake kati ya 2020 na 2022. Mbeere zao ni muguka, aina ya miraa. Mei 2024 gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka, na kaunti nyingine za Pwani zikafuata, amri ile haikutaja chuo chochote. Mahakama Kuu ya Embu iliisimamisha upesi, lakini karani aliyekuwa makini alikuwa tayari amejua karo ya muhula huo itaingia kwa shida. "Mama, leta hizo ulizo nazo, nikuandikie risiti, zingine tutaongea," ndiyo sauti inayosikika hapo dirishani. Maneno hayo machache yana hesabu ndefu nyuma yake: mwanafunzi akifukuzwa, chuo kinapoteza pia mgao wake wa serikali.

Basari nazo ni somo la peke yake. Hundi moja huja kutoka ofisi ya NG-CDF, hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, ikiwa na orodha ndefu ya majina, mengine yakiwa yameandikwa nusu, na karani hukaa kuyalinganisha na nambari za usajili hadi kila shilingi impate mwenyewe. Hata chanzo cha hundi hiyo kimetikiswa. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya NG-CDF ya 2015 inakiuka Katiba, ikaipa hazina hiyo hadi Juni 30, 2026. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti naye alizizuia kaunti kulipa basari za shule za upili na vyuo vikuu bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa, kwa kuwa elimu hiyo si jukumu lao kikatiba. Magavana wakakimbilia mahakamani. Kisheria hoja ilikuwa na uzito. Dirishani, maana yake ilikuwa foleni.

Zinazosahaulika zaidi ni sheria ambazo hazizungumzii elimu kabisa. Sheria ya 2013 ya NSSF, hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii, ilikwama mahakamani karibu miaka kumi, ikaanza kutekelezwa Februari 2023, na viwango vyake hupanda kila mwaka. Tozo ya nyumba inamtaka mwajiri aongeze asilimia 1.5 juu ya ile anayokatwa mfanyakazi. Chuo ni mwajiri. Hakuna mbunge aliyesimama kusema kwamba tozo hiyo itaondoa vitabu kwenye rafu, na pengine hakuna aliyewaza hivyo, lakini mkuu wa fedha alipiga hesabu hiyo jioni ileile. Vivyo hivyo mikataba ya wahadhiri: mwaka 2025 mgomo wao ulikwamisha masomo katika vyuo vikuu vya umma kwa wiki saba kwa sababu ya shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021, ambazo serikali hatimaye ilikubali kulipa kwa awamu mbili. Mwanafunzi wa Embu au Nchiru aliyerudi darasani Novemba alikuwa akilipia mkataba uliosainiwa kabla yeye hajaingia chuoni.

Kuna kishawishi kimoja ninachowaheshimu zaidi wale wanaokishinda. Pesa zikipungua, njia rahisi ni kulipa mishahara baada ya makato na kuyabakiza makato yenyewe: kodi, pensheni, sako. Mwezi wa kwanza hakuna anayeona. Faini hujilimbikiza kimyakimya, kisha mhadhiri anastaafu na kukuta pensheni yake ni ahadi. Vyuo kadhaa vya umma nchini vimeanguka katika shimo hilo. Kutokuanguka kunataka mtu aende kwa mkuu wa chuo na kumwambia kwamba tarehe 9 ya mwezi kodi itakwenda KRA hata kama gari jipya halitanunuliwa. Huo nao ni ustadi, ingawa haufundishwi kwenye mitihani ya uhasibu. Nisieleweke vibaya: ninausifu, lakini sifurahii kwamba tunauhitaji kiasi hiki. Wabunge wanaopitisha haki bila kuziwekea fedha wanaishi kwa jasho la watu hawa.

Mwaka unafungwa Juni 30. Siku chache kabla ya hapo, pesa zilizokuwa zimekawia huanza kumiminika, na ofisi hulala macho ili malipo yaende kwa utaratibu wa sheria ya ununuzi wa umma, si kwa haraka ya kumaliza bajeti. Waraka wa Hazina wa bajeti inayofuata hutoka mwishoni mwa Agosti, kabla hesabu za mwaka uliopita hazijakamilika. Hesabu hizo sharti zifike kwa Mkaguzi Mkuu ifikapo Septemba 30.

Ndani ya hesabu hizo kuna mstari mmoja ambao mimi huutafuta kwanza: wadaiwa. Pesa ambazo serikali ilipaswa kutuma na haikutuma huwekwa hapo kama deni linalotarajiwa kulipwa. Kanuni za uhasibu zinamtaka anayeandika akadirie ni sehemu gani ya deni hilo haitalipwa kamwe, aiondoe, na aeleze sababu. Akiondoa kidogo, vitabu vitaonyesha chuo tajiri ambacho hakiwezi kulipa mkandarasi. Akiondoa sehemu kubwa, anatangaza kwa maandishi kwamba haiamini serikali yake mwenyewe, na baraza la chuo litamwuliza maswali. Anapekua barua za Hazina za miaka mitano, anaangalia kilichowahi kulipwa na kilichozama, kisha anaandika tarakimu na kuitia saini.