Asilimia 70 iliyomwangukia mwalimu wa Kiingereza

Mwaka wa 2010, viwango vya elimu vya Common Core nchini Marekani vilipendekeza kuwa kufikia darasa la 12, asilimia 70 ya anayoyasoma mwanafunzi iwe matini za taarifa na 30 fasihi. Walimu wa Kiingereza wakapiga kelele: riwaya na tamthilia zinafukuzwa darasani!

Kumbe hesabu hiyo ilihusu masomo yote kwa jumla. Anayesoma hati za historia au makala ya sayansi tayari anaijaza hiyo 70. Ila ufafanuzi huu ulitiwa kwenye tanbihi, na tanbihi husomwa na nani?

Sizipingi matini za taarifa. Asiyejua kuchambua ripoti ya bajeti atadanganywa mchana kweupe. Ninawalaumu walioandika waraka ule kwa kulificha jambo zito chini ya ukurasa, kisha mzigo wa wengi ukamwangukia mmoja. Ripoti ya maabara ina usomaji wake, na anayeufahamu ni mwalimu wa kemia. Naye wa Kiingereza akiiacha riwaya ili aifundishe ripoti hiyo, riwaya itafundishwa na nani? Wa hisabati?